Saa Saba Mchana, Mimi Jidda na Yeye Japani

Nianze na sinia, maana mtu asiyeijua sinia yetu ataona haya ni masimulizi ya safari ya matajiri, na mimi ndani yake simo.

Nyumba niliyoifanyia kazi iko Al-Hamra, upande wa baharini huko Jidda, Saudia. Ni ghorofa mbili, marumaru kila mahali, na bustani ambayo majani yake hufutwa vumbi kwa kitambaa. Mfutaji nilikuwa mimi. Kwetu ni Kisauni, Mombasa. Shule nilifika darasa la tatu nikatolewa nikalee wadogo zangu, kwa hivyo mkiona maneno yangu yanakwenda huku na kule, ndiyo mwendo wake, yatarudi tu. Kazi yangu kubwa mle ndani ilikuwa Bibi. Bibi ni mama yake Baba, Baba ndiye kafili wangu, mwajiri aliyenikatia ikama, kile kibali cha kukaa, na mkewe ndiye Madam. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa wakahama. Mchana Baba yuko dukani, Madam yuko kwenye shughuli zake, tunabaki wawili, mimi na Bibi.

Nilipofika, Bibi alikuwa ametoka eda mwezi ule ule. Marehemu mumewe na yeye walikuwa wakila sinia moja, miaka arubaini na zaidi, na alipokufa mume, Bibi akawa hali chakula. Madam alikuwa akimpelekea sahani chumbani, sahani ya maana, na kitambaa cha kufutia mdomo kimekunjwa kama ndege. Ikirudi chakula kimo vile vile, na ndege amelala pale pale. Siku yangu ya tatu nikaambiwa nipeleke mimi. Ilikuwa saligi, ule wali wao mweupe unaopikwa kwa maziwa na supu ya kuku. Sikujua sahani zinakaa kabati gani, na kuuliza niliogopa, nikapakua kwenye sinia niliyoiona imeegemezwa ukutani. Nikaiweka chini juu ya zulia, nikageuka niende zangu.

Bibi akasema, "Kaa."

Nikadhani anataka nimshikie maji ya kunawa. Nikaleta birika na beseni. Akanawa, kisha akanielekezea beseni kwa kidevu.

"Na wewe nawa. Mimi sikufundishwa kula peke yangu."

Basi nikakaa. Nikala upande wangu wa sinia kwa woga, vitonge vidogo vidogo kama mtoto wa kambo, na yeye akanyofoa paja la kuku akanisogezea mbele yangu kwa vidole vyake. Hapo ndipo nilipojua nimo kwenye nyumba ya watu wenye utu. Kwao na kwetu ni mamoja, aliye mkubwa wa sinia humsogezea mwenzake kipande kinono, na yule mwenzake hujifanya hakioni mpaka aambiwe mara ya pili. Aliniambia mara ya pili. Tangu siku ile tukala hivyo kila mchana, saa saba, baada ya adhuhuri, miaka kumi na tisa. Haki ya Mungu sikuwa na kitu kingine mle ndani nilichoweza kusema ni changu.

Lakini ngoja, lazima niwaambie na Riyadh, ndiyo mtaelewa kwa nini sinia ilikuwa jambo kubwa. Kabla ya Jidda nilifanya kazi Riyadh miaka miwili. Sikupigwa, sikunyimwa mshahara, nisije nikawasingizia watu. Ila siku ya kwanza madam wa kule alichukua sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, akavipindua, akavitia alama chini kwa rangi ya kucha, nyekundu. Akasema hivi ni vyako, visichanganyike na vyetu. Nikala kwa vyombo vile miaka miwili, nimesimama kando ya karo, wao wakishamaliza. Riyadh hewa yake kavu, midomo hupasuka, na wakati wa baridi wali hupoa kabla hujautia mdomoni. Miaka miwili hakuna binadamu aliyeniona nikitafuna. Mkataba ulipokwisha nikarudi kwetu, na mamangu aliponiwekea chakula nikasimama nacho nikala jikoni, akaniuliza, mwanangu, kwani kule ulifungwa?

Haya, turudi. Japani.

Marehemu mume wa Bibi alikuwa muuza vitambaa. Zile kanzu nyeupe za wanaume wa Saudia, zinazosimama pasi hazikunjamani, kitambaa chake kizuri chatoka Japani, na yeye alikuwa akienda kukiagiza mwenyewe. Kila mwaka akirudi na habari. Kwamba kuna mlima una theluji kichwani hata wakati wa joto. Kwamba huko kuna maji ya moto yanatoka ardhini na watu wanakaa ndani kama viazi. Kwamba mwenye duka hukuinamia mpaka ukaona kisogo chake. Alimwahidi Bibi atampeleka, na kila mwaka ikawa mwakani, mpaka miaka ikamwisha yeye.

Baba alipotimiza sitini akauza duka. Akasema ahadi ya baba yake ataitimiza yeye. Wakatafuta watu wa kupanga safari za wakubwa, wakaletewa kitabu cha picha kina karatasi nene kama ngozi. Gari lao peke yao, mwongozaji anayesema Kiarabu, vyakula visivyo na nguruwe wala pombe. Watalala kwenye nyumba za wageni za zamani ambazo unavua viatu mlangoni na unalala chini juu ya mikeka, na kila chumba kina birika lake la kuoga maji ya moto nje, limechongwa kwenye mwamba. Madam akamfungulia Bibi kurasa moja moja. Bibi akatazama zote. Kisha akanielekea mimi kwa kidevu, nilikuwa namkanda miguu.

"Na huyu?"

Madam akasema huko huko atatafutiwa muuguzi, amesomea. Bibi akasema muuguzi hajui yeye anakulaje. Mabishano yakaishia hapo, maana Bibi alikuwa na sukari, akipigwa sindano lazima ale, na wote pale nyumbani walijua hali chakula bila mimi. Baba akacheka, akasema haya, tukate viza nne.

Nilifurahi, msinione mjinga. Mamangu alikuwa na doti ya kanga aliyokuwa akiitoa sandukuni sikukuu kwa sikukuu, nyekundu na nyeusi, haichuji. Jirani yetu aliyesoma alituonyesha siku moja maandishi madogo pembeni akasema hii imetengenezwa Japani. Mamangu hakuamini. Alisema kanga ni ya Waswahili, Mjapani ameijulia wapi? Alikufa hajaamini. Sasa mimi nitakwenda kwa hao watu walioitengeneza kanga ya mamangu. Ijumaa nikaenda mtaa wa Al-Mahjar kwa shoga yangu, mwenzangu wa Kenya, yeye wa Kakamega, anafagia shule, anaishi chumba kimoja na wenzake watatu. Nikamwambia. Akaacha kukaanga mandazi.

"Japani? Wewe? Aki wewe umeomoka, umekuwa tajiri. Huko si wanakula samaki hajapikwa?"

Nikamwambia nitakula chochote.

"Utakula, utakula. Ukirudi utakuwa unatuinamia hapa mlangoni, sisi tunaona kisogo."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka, nikawainamia wote mmoja mmoja.

Ofisi ya viza ilikuwa Riyadh. Baba na Madam karatasi zao ziliandikwa na wale wapangaji wa safari, na Bibi kwa uzee wake hakusumbuliwa, lakini mimi nilitakiwa nifike mwenyewe niulizwe. Tukapanda ndege ya asubuhi na Madam. Sikuwa nimekanyaga Riyadh miaka ishirini karibu. Majengo yamekuwa marefu sikuutambua mji, lakini ile hewa kavu puani niliitambua mlangoni mwa ndege. Ndani ya teksi Madam akanifundisha. Wakikuuliza wenda kufanya nini, sema kutembea. Akanikaririsha mara tatu. Kutembea, kutembea, kutembea.

Nikaingia peke yangu. Nyuma ya kioo alikuwa binti mwenye miwani, mpole, na kando yake kijana anayetafsiri kwa Kiarabu. Akaniuliza jina, nikasema. Umri, nikasema. Kisha akauliza naenda Japani kufanya nini.

Nikasema, "Kazi."

Lilitoka lenyewe. Nimekaa nchi za watu miaka ishirini na zaidi, kila dirisha nililosimama mbele yake nimeulizwa swali hilo, na jibu ni hilo moja. Kwenye ikama imeandikwa kazi. Polisi akinisimamisha njiani, kazi. Tena nikitazama vizuri, lilikuwa la kweli. Nitakwenda Japani nimkande Bibi miguu, nimpige sindano, nimwoshe. Yule binti akanitazama, akauliza tena polepole, nami nikaona hawa watu wana adabu, sitawadanganya, nikamweleza yote. Kwamba mimi ni mtumishi, kwamba mzee ana sukari, kwamba mshahara wangu analipa Baba. Nikaeleza vizuri kabisa, mpaka kijana wa kutafsiri akawa ananifanyia ishara kwa nyusi ninyamaze.

Nilipotoka Madam akaniuliza umesemaje. Nikamwambia. Hakunigombeza. Alivaa miwani yake ya jua, akatazama dirishani mpaka uwanja wa ndege.

Jibu likaja baada ya wiki kwenye simu ya Baba. Mtu anayekwenda kufanya kazi hutakiwa awe na karatasi nyingine, mkataba, barua kutoka huko, na siku zilizobaki zilikuwa tisa. Halas, basi tena. Bibi aliposikia akasema basi naye anakaa. Baba akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu ambacho Bibi hutembelea tangu miguu ilipomlegea, mwanamume wa sitini, akambusu mikono, akamkumbusha ahadi ya marehemu. Bibi akasema atakwenda kwa ajili ya marehemu, si kwa ajili ya mwanawe. Siku ya safari akaondoka bila kuniangalia. Nilijua amenikasirikia. Alikuwa akinitaka nikaseme neno moja.

Ijumaa ile shoga yangu wa Al-Mahjar hakunihurumia hata kidogo.

"Si ungesema tu kutembea? Ni neno moja, mama. Moja."

Nikamwambia, "Sijawahi kwenda popote kutembea. Ningelisemaje?"

Akanimiminia chai.

Nyumba tupu ina kelele zake. Kiyoyozi kinakohoa, jokofu linajisemea, lifti ya Bibi inalia mlio mdogo hata hakuna aliyeipanda. Siku ya kwanza nilifua mapazia. Ilipofika saa saba mchana nikapika, mikono ilipika yenyewe, nikapakua kwenye sinia, nikakaa upande wangu. Nikala mpaka katikati. Upande wa Bibi ukabaki mzima, na wali pale nilipokomea ulikuwa umekatika sawa kama ukuta. Nikafunika. Siku ya pili vile vile. Nilikuwa nikijiambia ni siku kumi na nne tu, lakini kilichokuwa kikinila ni kingine. Nilikuwa nikiogopa kwamba huko aliko ataweza kula bila mimi.

Ndiyo, nimeandika. Mzee wa watu ana sukari, na mimi nakaa jikoni naomba asiweze kula. Mungu anajua, basi na nyinyi mjue.

Siku ya tatu, saa saba kasoro, simu ikalia, ile ya picha. Ni Baba. Amevaa kanzu ya rangi ya kijivu iliyofungwa mkanda kiunoni kama anayekwenda kupigana, nikataka kucheka lakini uso wake haukuwa wa kuchekwa. Kwao ilikuwa saa moja jioni. Akaniambia Bibi hajala cha maana tangu wafike. Anakunywa chai, anaonja tende walizobeba, sindano wanaiogopa. Madam ameshalia. Kesho wataanza kutafuta ndege ya kurudi. Akaigeuza simu nikaona.

Walikuwa wamekaa chumba kizuri, kizuri cha utulivu, hakina vitu. Mikeka ya rangi ya majani makavu, mlango wa karatasi umesogezwa, na nje mti mwekundu, mwekundu kama damu ya mhanga, una taa chini yake. Mbele ya kila mtu kulikuwa na meza yake ndogo ya miguu mifupi, nyeusi inang'aa, na juu yake vibakuli. Hiki kina kipande cha samaki. Hiki kina supu na kifuniko chake. Hiki kina kitu cheupe kinatikisika. Hiki kina tunda limechongwa likawa ua. Kila mtu na vyake, na kati ya meza na meza panapita mtu. Bibi amekaa mbele ya yake, amekunja mikono.

Nikamwita. Akaitazama simu.

"Wamenitenga," akasema. "Kila mtu wamemtenga na chakula chake, kama wagonjwa. Na huku wameniwekea jani la mti juu ya samaki. Mimi mbuzi?"

Nikamwambia jani ni la pambo, Mama, waliweke kando. Akasema amekwisha kuliweka kando, anajua pambo, hakuulizia jani. Kisha nikaichukua sinia yangu, ilikuwa wali na samaki wa kukaanga, nikaiweka mezani, nikaiegemeza simu kwenye chupa ya maji upande wa pili. Upande wake. Nikanawa mikono anaona.

"Bismillah," nikamwambia.

Nikatia tonge mdomoni. Nikatafuna. Alinitazama mpaka nikameza. Nikafanya la pili. Kisha nikaona mkono wake unashuka, anachukua samaki kwa vidole, vile vijiti viwili vyao vya kulia vimelala havina habari. Akatia mdomoni. Halafu kile kipande kilichobaki, kinono, cha tumbo, akakisukuma kwa kidole mpaka ukingo wa kibakuli, upande wa simu.

"Kula," akaniambia.

Nikajifanya sikioni.

"Kula, nimekwambia."

Nikachukua kipande kwenye sinia yangu nikala. Nyuma yake nikamsikia Baba anahema.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Japani. Siku saba mfululizo, saa saba mchana kwangu, saa moja jioni kwake. Kabla ya chakula Bibi alitaka nione alikopita. Nikaonyeshwa mlima wa marehemu, ila siku ile ulijifunika mawingu, ukaonekana bega moja tu, na Bibi akasema ndivyo alivyokuwa mumewe, mpaka umngoje. Nikaonyeshwa paa wa huko, wanazurura mjini wanawainamia watu wapewe biskuti, na mmoja alimla Madam mshipi wa mkoba. Nikaonyeshwa birika la mwambani linatoa moshi, Bibi ametia miguu tu, anasema viazi vimeiva. Siku moja waliwapeleka kunywa chai kwa mama mmoja mzee, chai ya kijani nzito kama uji, bakuli linazungushwa kiganjani kabla ya kunywa, na kikao kizima kilichukua muda wa kupika biriani. Bibi akasema huyo mama anajua adabu, hakusema neno mpaka chai ikaisha.

Halafu tunakula. Mimi nikawa napika kwa sherehe sasa, mtu mmoja nyumba nzima nachinja kuku. Nilikuwa nikivaa buibui safi. Nilikuwa nikingoja simu nimejipaka hina. Shoga yangu alinipigia mara moja saa hiyo hiyo nikamkatia, akaniandikia, kumbe una bwana. Nikamwambia nina.

Siku ya kumi simu haikulia.

Nilikuwa nimepika saligi. Saa saba ikapita. Saa nane. Nikafikiri amekufa, mawazo ya kwanza ndiyo hayo, sindano, sukari, maji ya moto. Nikampigia Baba, haipokelewi. Wali wa saligi ukipoa hushikana, unaukata kwa kisu. Nilikaa nao mpaka alasiri ikaadhiniwa. Ndipo Madam akaniandikia, maneno machache na picha. Bibi amekula vizuri, amelala, tulisahau simu chumbani.

Kwenye picha Bibi yuko mbele ya meza yake ndogo. Kando yake amepiga magoti mwanamke wa nyumba ile ya wageni, si kijana, amevaa lile vazi lao, ameinamisha kichwa, anamwelekezea kibakuli kwa mikono miwili. Na Bibi anacheka. Vibakuli vingine viko wazi mbele yake, na nilihesabu, vilikuwa vitupu vyote.

Kesho yake Bibi alipiga simu, lakini si saa ya kula. Alikuwa na haraka ya kunieleza. Yule mwanamke alimfundisha. Kwamba kila kibakuli kina zamu yake, kwamba hiki kinaanza na hiki kinafuata, na kila kimoja kimewekwa hapo kwa ajili yako wewe peke yako, mtu amekaa amefikiria wewe utapenda nini, hata lile jani amelichagua. Haikuwa kumtenga. Ilikuwa heshima. Alisema hajawahi kuheshimiwa hivyo na chakula tangu azaliwe, alikuwa akila mabaki ya kaka zake, kisha akala na mume anayekula haraka. Ninaandika kama alivyosema. Nikamwambia alhamdulillahi, Mama. Nikamwuliza amepigwa sindano, akasema ndiyo. Nilikuwa na furaha mdomoni. Ndani nilijiuliza, miaka kumi na tisa ile, mimi nilikuwa wapi kwenye hayo aliyoyataja?

Walirudi Jidda asubuhi. Bibi alikuwa amenawiri, amenenepa mashavu. Alinikumbatia, na hakuwa amenikasirikia tena, na mimi nilimnusa nikasikia sabuni nisiyoijua. Walikuja na masanduku mawili zaidi ya waliyoondoka nayo. Moja lilikuwa la vyombo. Tukalifungua pamoja juu ya zulia, kila kibakuli kimefungwa kwa karatasi yake, vya udongo, vya mti, cha bluu, cha rangi ya kutu, kimoja kina mfano wa wimbi, na zile meza za miguu mifupi, mbili. Mbili, nikaona. Akaniambia nyingine ni yako.

Sikuwahi kununuliwa kitu mle ndani kwa moyo kama ule. Lazima niseme hivyo.

Saa saba nikapakua kama alivyonielekeza. Wali kidogo hapa, kuku hapa, achari hapa, supu na kifuniko chake. Nikamwekea yake, nikaweka yangu, tukakaa tunatazamana, na kati yetu pakawa na hatua moja ya zulia. Yeye akaanza na kile cha kwanza, kwa zamu, polepole, kwa kijiko. Mimi nikala vyangu. Hakuna tonge lililokutana na tonge. Kuku wangu alikuwa mapaja mawili, nimejipakulia mwenyewe. Nikaona vyombo vyangu vimepangwa pale vizuri, vyangu tu, visichanganyike, nikakiweka kijiko chini.

Nikamwuliza kwa upole kama Ijumaa tutakula kwa sinia. Akasema, "Sinia ni ya wenye haraka, binti yangu. Sisi tuna haraka ya nini?"

Nilivumilia miezi miwili. Ikama yangu ikakaribia kuisha, nikamwambia Baba asinitengenezee nyingine, nataka karatasi ya kuondoka moja kwa moja. Akashangaa. Akaniuliza nani amenikosea, kama ni Madam niseme, kama ni mshahara niseme. Ningemwambia nini? Nikasema miguu inaniuma, nimezeeka, wajukuu wa wadogo zangu wanataka kuniona. Alikubali, alinishukuru sana, akasema watatafuta mwingine kabla sijaondoka nimfunze.

Bibi aliambiwa na mwanawe. Mchana wake nikamletea meza yake, nikaiweka, nikasimama. Hakunitazama usoni. Akaondoa kifuniko cha supu, moshi ukatoka.

"Na mimi nitakula na nani?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Una vibakuli vyako, Mama."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko yale niliyoyasema dirishani Riyadh. Yale yalinitoka yenyewe, haya niliyachagua. Bibi alishika kijiko, akaanza na kile cha kwanza, kisha cha pili, akavifuata kwa zamu yake mpaka mwisho, hakuacha hata punje, na mimi nikasimama pale mlangoni nikimtazama anatafuna, mpaka akamaliza vyote, nikaondoa vyombo.